Manukato ya Darsa na Dawa ya Kuhifadhi: Njia Mbili Zilizochanganywa

  

Mwenye kuingia Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, nyakati za alasiri hupokewa kwanza na harufu ya nyama choma. Majiko yanawashwa, moshi wa mafuta ya mbuzi unatanda barabarani, na wakati huohuo watoto wa madrasa wamekaa juu ya mikeka wakirudia aya zao. Hatuna ugomvi na nyama choma, na sisi wenyewe tumeila pale zaidi ya mara moja. Lakini ustadhi mmoja anayesomesha katika mitaa ile alitueleza kisa ambacho ndicho kilichotufanya tushike kalamu.

Moshi na kelele vilipozidi, ustadhi yule alianza kuchoma udi kidogo kabla ya darsa. Watoto wakatulia, na wazazi wakapendezwa. Haukupita muda akatokea muuzaji na vichupa vya mafuta ya mimea: rozmari, nanaa, lavenda, mkaratusi na karafuu. Akawaambia wazazi kwamba haya ni “mafuta ya hifdhi”, kwamba asili yake ni Sunna, na kwamba hata ustadhi wenu anajua siri hii, ndiyo maana anafukiza. Wazazi wawili walikopa fedha ili wanunue. Mama mmoja alimtilia mwanawe matone katika kijiko cha asali, na mtoto akatapika usiku kucha. Alhamdulillah, alipona. Ustadhi akatuuliza kwa uchungu: je, kosa lilianza kwangu siku niliyowasha chetezo?

Tulimwomba atupe muda. Swali lake halijibiwi kwa neno moja la halali au haramu, kwa sababu nyuma yake kuna historia ya karne nyingi, na katika historia hiyo mna njia mbili ambazo watu wa leo wamezichanganya wakazifanya moja. Njia ya kwanza ni ya manukato katika majlisi ya elimu. Ya pili ni ya kutafuta dawa ya kuhifadhi. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

Msikiti wa Madina na mwenye chetezo

Mapenzi ya Mtume (s.a.w.) kwa manukato hayana shaka. Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba alikuwa na chombo maalumu cha manukato, na katika Sahihi ya al-Bukhari imepokewa kutoka kwa Anas huyohuyo kwamba hakuwa akirudisha manukato anayopewa. Iko pia Hadithi mashuhuri kwa an-Nasai na wengineo, kwamba katika dunia alipendezeshewa wanawake na manukato, na kwamba kitulizo cha macho yake kiliwekwa ndani ya Swala. (Wahubiri wetu wengi huisoma kwa kuongeza neno “matatu”. Nyongeza hiyo haikuthibiti kwa wanavyuoni wa Hadithi, na Swala si jambo la dunia hata ihesabiwe humo. Tumeitaja kwa kuwa mada yetu yote inahusu nyongeza za namna hii.)

Kuhusu mahali pa ibada, Bi Aisha (r.a.) amepokea amri ya Mtume (s.a.w.) ya kujenga misikiti katika mitaa, isafishwe na itiwe manukato. Hadithi hii imo kwa Abu Dawud, at-Tirmidhi na Ibn Majah. Msikiti wa mtaa kama wa Kwa Mrombo umo moja kwa moja katika maana yake. Upande wa pili ipo Hadithi ya Jabir (r.a.) kwa Muslim inayomkataza aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kuusogelea msikiti, kwa sababu Malaika huudhika kwa yale yanayowaudhi wanadamu.

Amri hizi zilitekelezwa kwa vitendo. Miongoni mwa wapokezi wa Hadithi wa Madina yupo Nu'aym bin Abdillah, mashuhuri kwa jina la al-Mujmir, maana yake mwenye kufukiza. Jina hilo lilitokana na kazi ya kuufukiza Msikiti wa Mtume (s.a.w.), na imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) ndiye aliyeamrisha msikiti ufukizwe siku za Ijumaa. Wamekhitilafiana kama mwenye kazi alikuwa Nu'aym au babake, na jina likahamia kwa mwana. Kwa vyovyote, mtu huyu si wa kupita tu katika vitabu. Nu'aym alisikia kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na Imamu Malik amepokea kutoka kwake ndani ya Muwatta. Jina la chetezo limo katika sanad.

Zingatia, ndugu msomaji, hakuna hata moja kati ya Hadithi hizi inayotaja kuhifadhi, akili wala umakini. Zinazungumzia heshima ya mahali, raha ya wenzako waliokaa nawe, na Malaika.

Majlisi ya Imamu Malik

Kisa kinachotajwa sana katika mlango huu ni cha Imamu Malik bin Anas (93–179 H), na kimehifadhiwa na al-Qadhi Iyadh. Watu walipofika mlangoni kwake, mjakazi wake alitoka kuwauliza wanataka nini. Wakisema wanataka masuala ya fiqhi, Imamu alitoka kama alivyo akawajibu. Wakisema wanataka Hadithi, aliingia kuoga, akajipaka manukato, akavaa nguo mpya na kilemba, kisha akaketi mahali palipoinuka kwa unyenyekevu. Udi ukafukizwa mfululizo mpaka amalize kusimulia.

Wengi hukisoma kisa hiki na kuishia kwenye udi. Sisi tunaomba kitazamwe upya pale penye masuala ya fiqhi. Kama udi ulikuwa chombo cha kuamsha akili, basi fiqhi ndiyo iliyouhitaji zaidi, maana humo ndimo mna kupima, kulinganisha na kutoa hukumu. Lakini kwa fiqhi alitoka bila maandalizi hayo. Udi ulikuwa wa Hadithi peke yake, kwa kumtukuza mwenye maneno. Imamu hakuufukiza ili apate kukumbuka.

Na ushahidi wa pili umo katika majlisi hizohizo. Abdullah bin al-Mubarak amesimulia kwamba alikuwa kwa Malik, naye anasimulia Hadithi, nge akamuuma mara kumi na sita. Uso wake ukabadilika rangi, lakini hakuikata Hadithi. Watu walipotawanyika aliulizwa, akaeleza kwamba alisubiri kwa ajili ya kuiheshimu Hadithi ya Mtume (s.a.w.). Huo ndio umakini ambao mwanafunzi anautafuta, na nge hakuzuiwa na moshi wa udi.

Desturi hii ilipokuja kwetu

Ada ya kumkirimu mtu wa elimu kwa manukato ilifika pwani ya Afrika Mashariki mapema. Ibn Battuta alipoingia Mogadishu mwaka 731 H (1331), alipojulikana kuwa ni faqihi alipelekwa kwa kadhi. Kutoka kwa Sultani kukaletwa sahani ya tambuu na popoo, wakagawiwa yeye, kadhi na wanafunzi, kisha wakamiminiwa marashi ya waridi ya Dameski. Baada ya hapo ikatoka amri alazwe katika nyumba ya wanafunzi. Ni karibu miaka mia saba sasa tangu kadhi, wanafunzi na marashi wakutane katika habari moja ya pwani yetu. Na marashi yale yalikuwa ya takrima, yakimiminwa kwa mgeni ambaye hakuwa hata amefungua kitabu.

Kwa hiyo mrashi na chetezo tunavyovikuta Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, katika ndoa, katika darsa za Ramadhani na kwa wenye kusoma Maulidi, si vitu vigeni. Karne ya 19 misafara kutoka Pangani ilipita chini ya Kilimanjaro hadi Meru, na baada ya Wajerumani kujenga boma lao Arusha mwaka 1900 mji ukakua pembeni yake. Wafanyabiashara Waislamu waliopanda kutoka pwani walipanda na ada zao, udi na ubani zikiwemo. Ustadhi wetu wa Kwa Mrombo aliposogeza kaa la moto chini ya kipande cha udi alikuwa anafanya jambo lenye asili.

Njia ya pili: kutafuta dawa ya kuhifadhi

Sasa tugeukie upande ambao wahubiri hawausemi sana, nao ndio wenye mafunzo makubwa kwa kisa chetu. Wanavyuoni wetu walikuwa wanadamu. Walisahau, wakahuzunika kwa kusahau, na wakatafuta dawa. Az-Zuhri (aliyefariki 124 H) amenukuliwa akiwausia wanaotaka kuhifadhi Hadithi wale zabibu kavu. Az-Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za mwanafunzi, Ta'lim al-Muta'allim, kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya sita ya Hijra au karibu na hapo, ana mlango mzima wa mambo yanayoleta hifdhi na yanayoleta usahaulifu. Anataja mswaki, asali, zabibu nyekundu ishirini na moja kabla ya kula kitu, na ubani kwa sukari. Katika yanayosahaulisha anataja giligilani mbichi, matufaha machachu, kusoma maandishi ya makaburini na kupita katikati ya ngamia waliofungwa msururu. Msomaji mwadilifu ataona kwamba humu mna tiba na desturi za zama zake zilizochanganyika na mawaidha, na si wahyi. Kitabu kina faida nyingi, wala hatumpunguzii az-Zarnuji heshima yake.

Lakini je, waliozitumia dawa hizi ilikuwaje?

Anza na Imamu wetu, Imamu wa madhehebu ya pwani hii, Muhammad bin Idris ash-Shafii (150–204 H). Adh-Dhahabi amepokea katika wasifu wake kwamba ash-Shafii alieleza mwenyewe kuwa alidumu kula ubani kwa mwaka mmoja kwa ajili ya kuhifadhi, na matokeo yake yakawa kutokwa na damu kwa mwaka mzima. Tulipomsomea ustadhi habari hii alinyamaza kitambo. Ubani uleule ambao bibi zetu wanafukiza nyumbani bila madhara, ulipoingizwa tumboni mfululizo kama dawa ya akili, ulimgharimu Imamu mwaka wa maradhi. Na Imamu hakulificha, alilisema ili wengine wajue.

Kisha iko habari ya baladhur. Hili ni tunda la mti wa Bara Hindi ulio katika jamaa ya mkorosho, na maji ya ganda lake ni makali, yanaunguza ngozi. Matabibu wa zamani walilisifu kwa kuongeza hifdhi. Adh-Dhahabi ametaja kwamba Abu Dawud at-Tayalisi na Abdur-Rahman bin Mahdi, wote wawili katika wakubwa wa Hadithi wa Basra, walikunywa baladhur kwa ajili ya kuhifadhi. Wa kwanza akapatwa na ukoma, wa pili akapatwa na barasi. Na yule mwanahistoria mashuhuri mwandishi wa Futuh al-Buldan, jina lake al-Baladhuri limetokana na tunda hilohilo. Imesimuliwa kwamba alilinywa bila kujua kipimo chake, akili ikamharibika, akafungwa hospitalini mpaka kufa. Wengine wakasema aliyelinywa ni babu yake. Mabingwa wa tiba wa leo wanaweza kujadili kama tunda ndilo lililoleta ukoma na barasi. Linalotuhusu ni kwamba wanavyuoni waliyaandika haya kuwa onyo, wala hawakuyaandika kuwa maelekezo.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Cha kufukizwa kilibaki kwenye chetezo na kikawa adabu. Cha kumezwa kwa tamaa ya kuhifadhi haraka kilileta madhara hata kwa maimamu. Muuzaji wa Kwa Mrombo alichukua heshima ya njia ya kwanza akaitumia kuuza hatari ya njia ya pili.

Mafuta haya ni nini hasa

Ni vyema imamu ajue kidogo kuhusu kitu kabla hajakitolea maelekezo. Mafuta ya mimea yanayonukia hupatikana kwa kukeneka: majani au maua hupitishiwa mvuke, mvuke hubeba mafuta, kisha hupozwa ukarudi maji, na mafuta yakatengwa. Elimu hii Waislamu waliikuza sana. Watu hupenda kusema mwanzilishi wake ni Ibn Sina (aliyefariki 428 H), lakini al-Kindi, aliyeishi zaidi ya karne moja kabla yake, ameandika kitabu kizima cha kutengeneza manukato na kukeneka. Hapa nchini, Pemba wanalijua jambo hili vizuri: makonyo ya karafuu, ambayo mkulima angeyatupa, hukenekwa mafuta katika kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake.

Jambo la kushika ni ukali wake. Kilo moja ya mafuta halisi ya waridi huhitaji tani kadhaa za maua. Basi tone la kichupa si sawa na jani la nanaa katika chai. Mafuta ya mkaratusi na kafuri yakimezwa na mtoto huweza kumletea degedege, ya karafuu yakimezwa huweza kulidhuru ini, na ya nanaa yakipakwa karibu na pua ya mtoto mchanga huweza kumbana pumzi. Mwenye pumu huweza kushikwa hata kwa harufu tu, na kwa moshi wa udi vilevile.

Na je, kunusa kunasaidia akili? Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H) ameandika katika Zad al-Ma'ad kwamba harufu nzuri ni chakula cha roho na inautia nguvu moyo na ubongo, na kila mtu anajua nafsi inavyochangamka kwa harufu njema. Wa zama zetu wamejaribu kupima. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, walichapisha jaribio la watu wazima 144 waliofanyishwa mitihani ya kumbukumbu, wengine katika vyumba vyenye harufu ya rozmari, wengine lavenda, na wengine bila harufu. Wa rozmari walikumbuka vizuri zaidi, lakini kasi yao ya kukumbuka ilipungua. Wa lavenda walifanya vibaya kuliko wasiokuwa na harufu yoyote. Ajabu ni kwamba lavenda ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote katika kapu la muuzaji wetu! Tena hilo lilikuwa jaribio la kikao kimoja, la watu wazima, na la kunusa tu. Halisemi lolote juu ya mtoto wa miaka tisa kuhifadhi juzuu.

Kwa hiyo tulimjibu ustadhi hivi. Kufukiza kwake hakuna kosa. Achome kidogo kabla watoto hawajaingia, afungue madirisha, na aulize ni nani mwenye pumu. Akimruhusu mwanafunzi mkubwa kuweka tone la rozmari kwenye kitambaa wakati wa kudurusu, hilo ni katika mambo ya mubaha, mradi asilinasibishe na Sunna ya kuhifadhi, kwani kumsingizia Mtume (s.a.w.) ni katika madhambi makubwa. Wasichana wakubwa wasitoke njiani wamejifukiza, kwa makatazo yaliyopokewa juu ya hilo. Mchana wa Ramadhani aache kufukiza, maana Wamaliki wanaona kuvuta moshi wa udi makusudi hadi ukafika kooni kunafunguza, ingawa wengi katika wanavyuoni wa Kishafii wa baadaye hawaoni hivyo, na kutoka katika khilafu ni bora.

Ama muuzaji, alichofanya ni ghushi. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini yake, alimkemea mwenye mali kwa kuuficha. Aliyeuza kwa sifa isiyokuwepo anatakiwa kurudisha fedha, na wazazi wale wawili wana haki ya kuzidai mbele ya wazee wa mtaa. Na kwa kuwa jina la ustadhi lilitumiwa katika kuuza, tulimshauri asimame mwenyewe baada ya Swala ya Ijumaa awabainishie watu, bila kumtaja mama wa mtoto.

Alifanya hivyo. Baadaye alitutumia habari kwamba mmoja wa wazazi amerudishiwa fedha yake, na mwingine bado anazungushwa. Kuhusu moshi wa nyama choma amepata njia nyepesi kuliko udi: darsa ya hifdhi ya Jumamosi na Jumapili ameihamishia baada ya Swala ya Alfajiri, saa ambazo majiko ya Kwa Mrombo bado ni majivu baridi na hakuna harufu ila ya ardhi yenye umande. Wallahu a'lam.